Namba ndogo katika mlinganyo wa kemia si ya kuchezewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno na walimu wenzangu wa kemia hapa Arusha kuhusu usawazishaji wa milinganyo, hasa msimu huu wa baridi ambapo majiko ya mkaa huingizwa vyumbani.

Hivi karibuni niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu, ninaowafundisha jioni, mlinganyo C + O₂ → CO (kaboni, kama ya mkaa, na oksijeni hutoa kaboni monoksidi) wausawazishe, yaani atomu za kila aina zilingane pande zote mbili. Wengi waliongeza 2 ndogo upande wa kulia, wakapata CO₂ (kaboni dioksidi), wakaweka kalamu chini. Kwa kuhesabu atomu hawakukosea, kwani kila upande ulikuwa na kaboni moja na oksijeni mbili. Kosa lao ni kwamba walikuwa wamebadilisha gesi yenyewe. Namba ndogo hueleza kitu ni kitu gani, na inayoruhusiwa kuguswa ni namba kubwa ya mbele tu: 2C + O₂ → 2CO.

CO₂ tunaitoa puani kila tunapopumua. CO haina rangi wala harufu, hung'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na kuizuia kazi hiyo, na aliyelala haamki kuikimbia.

Hapo ndipo hesabu za moli (kipimo cha kuhesabia chembe za kitu kwa kutumia uzito wake), ambazo wanafunzi huziona kama adhabu, zinapopata kazi. Mkaa wa gramu 1,200, tukiuchukulia kuwa kaboni tupu (si tupu, una majivu na unyevu), ni moli 100, na ili uungue wote kuwa CO₂ unahitaji moli 100 za oksijeni, yaani kilo 3.2. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5, kwa mwinuko wetu wa mita 1,400 hivi, kina oksijeni ya kama kilo 5 tu, na waliolala humo nao wanaivuta hiyo hiyo. Tena si lazima hewa ya chumba ipungue kwanza: ndani ya jiko lenyewe, CO₂ inayopenya kwenye makaa mekundu huchukua kaboni nyingine, CO₂ + C → 2CO. Ndiyo maana mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, huwadanganya watu wazima wenye akili zao.

Sisi walimu tumezoea kutoa maswali ya haidrojeni na klorini, gesi ambazo mtoto wa Sakina au Ngaramtoni hajawahi kuziona, kisha tunaweka alama ya kosa na kusonga mbele. Naomba kosa la namba ndogo lirudishwe kwa mwanafunzi, aandike kwa maneno ni gesi gani ameitengeneza na inamfanya nini mtu aliye chumbani. Mimi nimekwisha kuyarudisha madaftari, na nayasubiri Ijumaa.

Mwalimu wa kemia,
Arusha