Mlima Meru haujafa, umelala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe neno moja ambalo nimelisoma mara kadhaa katika makala za utalii, na ambalo baadhi ya waongoza watalii wetu wamelizoea kiasi cha kulitamka bila kufikiri, kwamba Meru ni "volkano iliyokufa". Nimefundisha jiografia hapa Arusha kwa miaka mingi, na katika madarasa hayo yote tulitenganisha volkano mfu, isiyotarajiwa kulipuka tena, na volkano iliyolala, inayoweza kuamka. Meru ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na bado wapo wazee mjini hapa ambao babu zao walikuwa hai wakati huo.

Sibishani kwa ajili ya istilahi tu. Neno "iliyokufa" limetufanya tuamini kuwa utafiti wa milipuko ya volkano ni shughuli ya Waindonesia na Waitaliano, ilhali mji wetu umejengwa juu ya kile kinachotafitiwa.

Watu wengi wakisikia volkano huona moto unaotiririka mteremkoni, lakini penye mlipuko mkali hilo si tishio la kwanza. Anayepika ugali anaijua kanuni yake: maji matupu yakichemka, mapovu hupanda na kupasuka bila madhara, ila uji ukishakuwa mzito povu hukwama ndani, na likipasuka hurusha tone linalomuunguza mpishi mkono. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, nayo ni hivyo. Ikiwa nyepesi, gesi hutoka na lava hutiririka. Ikiwa nzito kwa wingi wa silika, madini yaliyo katika mchanga, gesi hunaswa, shinikizo hupanda, kisha magma yenyewe hupasuliwa kuwa majivu na mawe mepesi yenye matundu, yale tunayosugulia nyayo. Tabaka za mawe hayo zimo katika miteremko ya Meru, na ndizo zilizowaonyesha wanajiolojia kwamba mlima huu uliwahi kulipuka kwa nguvu. Tena maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na vilima na maziwa ya Momella, tunakowapeleka wageni kupiga picha, viko juu ya mabaki ya maporomoko hayo.

Jirani yetu Ol Doinyo Lengai unafundisha zaidi. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina yake, iliyojaa kaboneti za sodiamu, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava za kawaida, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Ni nyepesi mno, na kwa kanuni ya uji usingetarajia ilipuke. Hata hivyo mlima huo ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka 1940 na 1966, na Septemba 2007 ukalipuka tena, miezi miwili baada ya matetemeko ya Julai yaliyosikika mpaka Nairobi. Waliochunguza majivu ya 2007 walikuta kwamba magma nyingine, yenye silika, ilipanda kutoka chini na kuchanganyika na ile nyepesi, na dioksidi ya kaboni ikaachiliwa kwa mkupuo. Mlima uliokuwa ukimwaga lava yake kwa utulivu tangu 1983 ukawa unarusha majivu, na wafugaji wa kando yake wakahama na mifugo yao.

Majivu haya si kama ya jikoni. Ni chembe za mwamba na kioo, hayayeyuki katika maji, yakilowa huwa mazito sana, na mara nyingi hubeba floridi juu yake, kwa hiyo ng'ombe anayekula nyasi zilizofunikwa nayo anaweza kuugua ingawa nyasi zinaonekana nzima. (Floridi hatuhitaji kufundishwa, meno ya kahawia ya wengi wetu yametokana na maji yanayopita katika miamba hii hii.) Kwa upande mwingine, majivu ya kale ya milima hii yaliyopeperushwa magharibi ndiyo yaliyotandaza nyanda za nyasi fupi za Serengeti, ambako nyumbu huzalia.

Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulikuwa kimya kwa takriban miaka 500 kabla ya kulipuka Juni 1991. Wataalamu waliokuwa wakipima mitetemo na gesi zake walitoa tahadhari mapema, na maelfu ya watu wakahamishwa wakiwa salama. Wengi kati ya waliokufa siku hizo waliangukiwa na mapaa, kwa sababu kimbunga kilipita siku ile ile na mvua yake ikayalowesha majivu. Nasi tunaezeka mabati, na masika yetu tunayajua. Mfano wa pili unanisumbua zaidi. Nchini Kolombia, mwaka 1985, ramani ya maeneo ya hatari ya mlima Nevado del Ruiz ilikwisha kuchorwa mwezi mmoja kabla, na bado watu wapatao 23,000 walifunikwa na tope lililoshuka usiku, wengi wao katika mji mmoja wa Armero.

Utafiti haujakosekana kwetu. Chuo Kikuu cha Ardhi, kikishirikiana na Virginia Tech ya Marekani, kina vipokezi vya GPS kuzunguka Lengai vinavyopima jinsi mlima unavyoinuka na kushuka kwa milimita. Lakini mimi binafsi, niliyetumia maisha yangu kufundisha somo hili, matokeo ya tafiti hizi nimeyasoma kwa Kiingereza tu, na sijapata kuona ramani ya hatari za Meru imebandikwa katika ofisi yoyote ya kata niliyoingia.

Ombi langu, Mhariri, ni nusu ukurasa tu. Waalikeni watafiti waeleze kwa Kiswahili mambo ambayo mkulima wa kahawa atayauliza: simtanki lifunikwe lini, majivu yaondolewe vipi juu ya bati, ng'ombe alishwe nini wiki ile, na mto upi wa kuuhama mvua ikinyesha. Na kabla ya hapo, tafadhali futeni neno "iliyokufa".

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Arusha