Risala ya Waendesha Baiskeli kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Udhamini na Dawa Zilizopigwa Marufuku

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na viongozi wa chama,
Makocha, mafundi, wazazi na wanamichezo wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuungana nasi kuufungua msimu huu wa mbio. Tumefahamishwa kwamba kampuni unayoiongoza inafikiria kuidhamini timu yetu, na kwamba katika kikao chenu mkurugenzi mmoja aliuliza: vijana hawa wakikamatwa na dawa, jina letu litakuwa wapi? Tunajua si desturi ya mwomba fedha kumtajia mgeni wake wale waliotoa wakajuta. Hata hivyo swali hilo ni la haki, nasi tumeona afadhali tulijibu hapa mbele ya watu wote kuliko kulipitia kando kwa maneno matamu.

Ndugu Mgeni Rasmi, timu za kulipwa za mchezo huu hutegemea wadhamini kuliko timu za michezo mingine mingi. Soka lina kiwanja chenye milango na tiketi, ilhali mbio zetu hufanyika barabarani, na mtazamaji anayesimama kilimani kuungoja msafara upite halipi chochote. Haki za televisheni za mashindano makubwa ziko mikononi mwa waandaaji. Timu haibaki na kikubwa cha kuuza ila jezi yake, nayo huiuza pamoja na jina zima la timu. Ndiyo maana mchezaji akishinda mtangazaji hutaja jina la kampuni, na akikutwa na dawa mtangazaji huyohuyo hutaja jina lilelile.

Tarehe 8 Julai 1998, siku tatu kabla ya kuanza kwa Tour de France, yaani mbio kubwa za kuizunguka Ufaransa, maofisa wa forodha kwenye mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji walilisimamisha gari la timu ya Festina lililokuwa likiendeshwa na mkandaji wake, Willy Voet. Ndani walikuta shehena ya dawa, zikiwemo homoni za ukuaji na EPO, ambayo huongeza chembe nyekundu za damu ili misuli ipate hewa zaidi. Timu ilifukuzwa mashindanoni. Festina ni kampuni ya kutengeneza saa, na dawa zile hazikutoka kiwandani kwake, lakini hadi leo mkasa ule unaitwa kashfa ya Festina.

Mfano unaotufikirisha zaidi ni wa Shirika la Posta la Marekani, lililolipa takriban dola milioni 32 kwa miaka ya 2001 hadi 2004 ili jina lake livaliwe na Lance Armstrong na wenzake. Mwaka 2012, baada ya uchunguzi wa USADA, shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, Armstrong alinyang'anywa mataji yake yote 7 ya Tour, na 6 kati ya hayo aliyapata akiwa na jezi ya posta. Serikali ilijiunga na kesi iliyofunguliwa dhidi yake na mchezaji mwenzake wa zamani, Floyd Landis, ambaye naye alikuwa amepokonywa taji lake la mwaka 2006. Mawakili wa Armstrong walijitetea kwamba posta haikupata hasara, kwa kuwa tafiti ilizoziagiza yenyewe zilionyesha imenufaika kwa kutangazwa. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama mwezi Aprili 2018 kwa dola milioni 5. Tunaomba utetezi huo usomwe mara mbili, kwa sababu unatuambia kwamba mdhamini anayepima faida yake kwa dakika za kuonekana kwenye televisheni tu anaweza kudanganywa kwa miaka mingi huku mahesabu yake yakiwa mazuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, wapo walioamua kuondoka. Deutsche Telekom, kampuni ya simu ya Ujerumani, ilikuwa na timu tangu mwaka 1991. Mwaka 2006 nyota wake, Jan Ullrich, aliondolewa kwenye Tour kwa sababu ya uchunguzi wa polisi wa Hispania kuhusu dawa, na mwaka uliofuata wachezaji wa zamani, akiwemo Bjarne Riis, wakakiri kutumia dawa mmoja baada ya mwingine, hadi kampuni ikajitoa mwezi Novemba 2007. Kinachotuuma ni kwamba iliondoka wakati uongozi mpya ulikuwa umekwisha kuanza kusafisha nyumba. Timu ileile iliendelea kwa majina mengine, mwishowe HTC, ikawa miongoni mwa timu zilizoshinda zaidi duniani kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2011 ikafungwa kwa kukosa mdhamini. Makosa ya waliotangulia yalilipwa na waliokuwa wakiyarekebisha.

Rabobank ya Uholanzi nayo, baada ya miaka 17, ilitangaza tarehe 19 Oktoba 2012 kwamba haina tena imani kuwa mchezo huu kwa ngazi ya kulipwa utakuwa safi. Hapa tunatoa heshima kidogo: benki hiyo iliheshimu mikataba iliyokuwapo, timu ikakimbia msimu wa 2013 bila jina la benki kifuani, hivyo mafundi, wapishi na wakandaji hawakuamka siku moja wakakuta hawana kazi. Timu hiyo ipo hadi leo kwa wadhamini wengine. Cofidis, kampuni ya mikopo ya Ufaransa, ilichagua njia nyingine kabisa. Ilichafuliwa na kashfa ya dawa mwaka 2004, ikachafuliwa tena mwaka 2007 mchezaji wake Cristian Moreni alipokutwa na testosterone na timu nzima ikatoka kwenye Tour, lakini haikuuacha mchezo.

Kwa mtazamo wetu, mdhamini si mpita njia aliyerukiwa na tope. Masharti ya fedha yake huingia hadi chumbani kwa mchezaji. Mkataba wa mwaka mmoja, unaohuishwa pale tu ushindi unapopatikana, humfikia kijana kama amri ya kushinda kabla ya mwezi fulani, na mtu mwenye sindano hujua vizuri mwezi huo ni upi. Ndiyo maana tunaomba mkataba wa miaka mitatu, mishahara isiyofungwa kwenye nafasi ya kwanza, na daktari anayelipwa na kuwajibika nje ya uongozi wa timu, ili kocha asiweze kumuuliza kwa nini fulani hakupewa kitu cha kumwamsha.

Tunaomba pia fungu la vipimo. Tangu mwaka 2008 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, linatumia pasi ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mchezaji inayoonyesha mabadiliko hata kama dawa yenyewe haikuonekana. Wachezaji walio kwenye orodha maalumu ya upimaji hutakiwa kutaja mahali watakapopatikana kwa dakika 60 kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, na kukosea mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa. Kijana anayejaza fomu hiyo akiwa amechoka, baada ya kilomita 180, anaweza kusahau kwamba kesho analala kwa shangazi yake. Lakini yupo pia anayedanganya kwa makusudi: mwaka 2007 Michael Rasmussen aliondolewa na timu yake mwenyewe ya Rabobank akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour, zikiwa zimebaki siku chache kufika Paris, kwa kusema uongo kuhusu alikokuwa akifanyia mazoezi. Sisi tumekubali kwamba nakala za fomu zetu zionwe na mtu mtakayemteua ninyi.

La mwisho ni gumu kulisema siku ya sherehe. Mmoja wetu akikamatwa, afukuzwe, na tuko tayari kuweka saini hapo. Ikidhihirika kwamba viongozi walijua, ondokeni siku hiyohiyo na mdai fedha zenu. Ila kama timu yenyewe ndiyo iliyomfichua, tunaomba mlipe hadi mwisho wa msimu, kwa sababu timu inayojua kwamba ukweli utaifunga itajifunza kunyamaza.

Ndugu Mgeni Rasmi, jezi utakazotukabidhi zimo katika sanduku lililo mbele yako, na sehemu ya kifuani tumeiacha tupu. Rasimu ya mkataba yenye masharti haya iko kwa Katibu. Kifungu cha malipo hatujakiandika, tukisubiri tukae pamoja nanyi.

Tunaomba kuwasilisha.