Kwa Athman, kuhusu hilo duka la bangi

Mombasa

Ndugu yangu Athman,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza na mke wangu akiwa kando, anacheka unavyomwigiza yule muuzaji wa Toronto anayeeleza bangi zake kama mfamasia. Unauliza: ikiwa Kanada walihalalisha tangu Oktoba 2018 na nchi haijaanguka, sisi twangoja nini?

Usidhani huku hakuna aliyelisema. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka kupeleka mswada bungeni mwaka huohuo wa 2018. Akafariki Julai 2019, suala likalala. Mwaka 2022 akaja Profesa Wajackoyah, akigombea urais, na ahadi ya kulipa madeni ya taifa kwa bangi. Vijana walimshangilia, lakini kura hakufikisha hata asilimia moja. Kwa maoni yangu alilifanya jambo zito likawa kichekesho.

Mimi nalitazama nikiwa darasani. Wajua unga, yaani heroini, ulivyotumalizia watoto hapa pwani. Basi mama akisikia mwanawe avuta bangi, hushukuru Mungu kwamba si unga. "Ni majani tu, Mwalimu." Hayo nimeambiwa na wazazi, hata na askari mmoja.

Tuna kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akimaliza hesabu kabla sijafuta ubao. Alianzia maskani, akiwa bado shule ya msingi. Muhula wa pili nikamwona kitabu ki wazi ukurasa uleule kipindi kizima, kalamu mkononi, hajaandika hata tarehe. Halafu akaanza kulalamika kwamba wenzake wamsema nyuma ya ukuta wa choo, na ukienda kutazama hapana mtu. Nyumbani wakasema ni majini. Akasomewa, akafukizwa. Alipofikishwa kwa daktari wa akili alikuwa halali tena usiku. Daktari akauliza kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Mama akanyamaza kidogo, kisha akamtaja kaka yake.

Ndiyo maana sipendi yale mabango yasemayo kila avutaye atakuwa kichaa. Vijana wanawaona wavutaji wazima kila siku, na wakitushika uongo hapo hawatatuamini kwa lolote. Wengi hawarukwi na akili. Lakini ubongo haumalizi kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa ndiyo ile ya kupima mambo na kujizuia. Anayeanza na miaka 14, tena kila siku, tena ana ugonjwa huo katika ukoo, hatari yake si sawa na ya fundi wa miaka 40 anayevuta Jumamosi. Hata uraibu ni hivyo hivyo: katika watumiaji kwa jumla hunasa kama mmoja kwa kumi, ila kwa walioanza ujanani ni kama mmoja kwa sita. Na wengine hawanasi wala hawaugui. Wanasahau tu, wanachoka, na mtihani unawapita.

Sasa nirudi kwenye duka lako. Kilichonishika mimi ni kile ulichokitaja kwa kupita tu, kwamba mlangoni mliombwa vitambulisho. Ontario ni miaka 19, Quebec 21. Biskuti ya bangi huko haizidi miligramu 10 za THC, ile kemikali inayolevya, kwa pakiti nzima, na pakiti yenyewe imetengenezwa mtoto asiweze kuifungua kirahisi. Hapa kwetu keki inapitishwa ukutani ikiwa ndani ya karatasi ya daftari, na hata aliyeipika hajui ametia kiasi gani. Mtoto anakula, nusu saa hasikii kitu, anaongeza ya pili, kisha zote zinampanda pamoja. Tumeshabeba wanafunzi kwa tuktuk kwa sababu hiyo.

Tazama na tunavyosimamia vilivyo halali. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Nitajie kibanda kimoja Kisauni kisichouza. Ile sheria ya pombe, ya Mututho, inataka baa iwe mita 300 kutoka shuleni, nami hapa nasahihisha madaftari kwa muziki wa baa. Bangi tutailinda na nini?

Lakini jela siitaki, na hapo mimi na wewe tu pamoja. Sheria ya 1994 ilimwekea hadi miaka kumi hata mtu aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe. Na wanaoshikwa ni kina nani? Ni kijana wa msokoto mmoja. Babake anauza simu amtoe, au kijana analala rumande na wauza unga, ambao humsajili huko huko. Muuzaji kesho yuko palepale. Afrika Kusini, mahakama yao ya katiba ilisema 2018 kwamba mtu mzima akivuta faraghani si jinai, bila kufungua duka lolote. Njia kama hiyo naweza kuisikiliza, mradi wanafunzi wapelekwe kwa mshauri badala ya kortini. Duka, hapana. Si kabla hatujaweza hata kulinda sigara.

Ukija Julai shule zitakuwa zimefunguliwa. Nataka uje uzungumze na kidato cha pili, maana wewe mtu wa ng'ambo watakusikiliza kuliko mimi wanayenichoka kila siku. Wasimulie duka, sikukatazi. Ila anza na habari ya kitambulisho mlangoni.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama asema usisahau dawa yake ya macho.

Nduguyo,
Mbwana