Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Port Adelaide Ilipofika na Safari ya 2026

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu vijana, habari za jioni.

Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala, na wengine mmeshuka kutoka Elizabeth na Salisbury kwa treni mkiwa na watoto. Mambo ya umoja wetu wa mashabiki wa Port Adelaide, klabu ya mpira wa Kiaustralia (si soka), nitayapitia kwa haraka maana hayana utata. Michango imeingia, hatudaiwi na mtu, na mweka hazina atawasomea hesabu nikishakaa. Skafu na fulana mlizoagiza zimegawiwa zote. Watoto wapya wamejiunga na mazoezi ya Jumapili, na wasichana sasa wanakaribia kuwa sawa na wavulana. Hilo halishangazi: timu ya wanawake ya Port ilianza ligi mwaka 2022, na kufikia 2024, katika msimu wake wa tatu tu, kocha Lauren Arnell alikuwa ameifikisha nusu fainali. Mabinti zetu waliona, wakataka.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa mwaka mzima, harusini, nje ya kanisa na nje ya msikiti: timu yetu ya wanaume itafika wapi mwaka 2026?

Kwanza tukubaliane tulipotoka. Mwaka 2025 tulimaliza nafasi ya 13 kati ya timu 18, ushindi 9, kufungwa 14. Watani wetu wa jadi, Adelaide Crows, waliongoza msimamo wa ligi, na kuishi mji mmoja nao mwaka kama huo mnajua kulivyo; kila asubuhi kazini mtu anakungoja mlangoni. Mwaka mmoja kabla, sisi ndio tuliocheza nusu fainali. Kuanguka huko ndiko kunakoumiza, na ndiko kunakofanya watu wapandishe sauti.

Ulikuwa pia mwaka wa kuagana. Ken Hinkley ameondoka baada ya misimu 13, na hata kabla ya mechi ya kwanza ilikuwa imekwishatangazwa kwamba Josh Carr ndiye atakayempokea. Travis Boak naye ametundika viatu. Alianza mwaka 2007, akiwa kijana mdogo, na mwaka huohuo akawa uwanjani siku Geelong ilipotufunga kwa tofauti ya pointi 119 katika fainali kuu, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya fainali hiyo. Mtu aanze kazi kwa siku kama hiyo, kisha abaki klabu ileile mpaka 2025, awe nahodha, akabidhi unahodha, aendelee kukimbia! Vijana, mkitaka kujua maana ya kuvumilia, mtazameni huyo. Mechi ya mwisho dhidi ya Gold Coast tulishinda, na wengi wetu tulikuwa pale uwanjani kwetu, Adelaide Oval. Mzee aliyekaa kando yangu, ambaye huwa hapigi makofi hata goli likiingia, alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili mpaka Boak alipotoweka kwenye njia ya kuingilia vyumbani.

Kuhusu Hinkley naomba niseme kwa haki, maana humu ndani yamesemwa maneno makali. Alituchukua mwaka 2013 tukiwa hoi. Alitufikisha nusu fainali mara nne. Mwaka 2014 Hawthorn walitutoa kwa pointi 3, mwaka 2020 Richmond walitutoa kwa pointi 6, tena nyumbani. Goli moja huku ni pointi 6; mpira mmoja ungepita katikati ya nguzo leo tungekuwa tunasema mengine. Lakini mwaka 2021, tena nyumbani, Bulldogs walitufunga kwa tofauti ya pointi 71, na 2024 Sydney wakatutoa kwa 36. Fainali kuu hakuifika hata mara moja. Namshukuru, na pia naona muda wake ulikuwa umetimia. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja moyoni mwangu bila kugombana.

Mjadala wetu una kambi mbili. Nitajaribu kuzieleza kama wenyewe wanavyozieleza, anayeona nimempunja asimame baadaye.

Kambi ya kwanza inasema mwakani tuingie mtoano, hakuna kisingizio. Wana hesabu yao. Kuanzia 2026 mlango wa mtoano umepanuliwa: timu za nafasi ya 7 hadi ya 10 zitacheza raundi moja ya ziada kugombea nafasi mbili za mwisho. Mwaka huu Sydney walishika nafasi ya 10 kwa ushindi 12. Sisi tulikuwa na 9. Kwa hiyo, wanasema, tunahitaji mechi tatu tu. Wanaongeza kwamba majeruhi walikuwa wengi mno, kwamba mshambuliaji wetu Todd Marshall aliumia mshipa wa kisigino kabla msimu haujaanza na mbele tukapwaya, na kwamba timu yenye Zak Butters, Connor Rozee na Jason Horne-Francis pale kati haiwezi kuitwa timu ya kujengwa upya. Kisha wanatukumbusha kwamba mkataba wa Butters unaisha 2026. Mchezaji wa aina yake habaki mahali anapoambiwa subiri.

Kambi ya pili, ambayo wengi wao ni vijana wetu waliokulia hapa, wanasema tukubali kwamba kikosi kimezeeka mahali fulani na kimepungua kina mahali pengine, Carr apewe misimu miwili, chipukizi wachezeshwe hata kama tutafungwa. Nao wana hoja ya sheria mpya: mwakani mchezaji wa akiba anayengoja hadi mtu atolewe kabisa hatakuwepo tena, na badala yake benchi litakuwa na watu watano wa kuingia na kutoka. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 hatakaa na koti lake mechi nzima akisubiri dakika kumi za mwisho.

Nimewasikiliza wote, na msimamo wangu nauweka wazi. Naona kambi zote mbili zinatazama msimamo wa ligi, na ugonjwa wetu hauko kwenye msimamo. Uko kwenye namna tunavyofungwa.

Septemba 2024, mtoano, nyumbani: Geelong walitufunga kwa tofauti ya pointi 84. Machi 2025, mechi ya kwanza ya msimu, kule Melbourne, uwanja wa MCG: Collingwood, pointi 91. Julai 2025, mechi ya watani: Crows, pointi 98, ushindi mkubwa kuliko wote ambao mmoja kati yetu amewahi kuupata dhidi ya mwenzake. Na katikati ya hayo, timu ileile iliwafunga Hawthorn mwezi wa Aprili mbele ya mashabiki wa timu zote 18 waliokuja mjini kwetu. Timu dhaifu hufungwa kidogo kidogo kila wiki. Sisi tunasimama sawa na mtu kwa robo nzima ya mechi, halafu ukuta unapasuka mara moja na maji yote yanaingia ndani ya nyumba.

Usiku ule wa Julai nilikaa safu ya nyuma ya mama mmoja wa kwetu. Robo ya tatu alivua skafu yake, akaikunja mara nne taratibu kama anakunja kanga mpya, akaiweka kwenye mkoba juu ya chupa ya chai. Mwanawe akamwuliza, "Mama, tunaondoka?" Akamjibu, "Hatuondoki. Ni skafu tu imechoka." Wakakaa mpaka filimbi ya mwisho. Nimelibeba neno hilo tangu siku ile.

Kwa wanachama wapya, niwaeleze kwa nini jambo hili linawezekana katika mpira wa huku kuliko katika soka tuliyokua nayo. Kwenye soka ukifungwa, mpira unarudishiwa wewe. Unapata pumzi, unaanza upya. Huku ukifungwa, mpira unarudi katikati na hakuna anayepewa. Mwamuzi alikuwa anaudundisha chini. Kuanzia 2026 ataurusha juu. Warefu wawili wanarukiana, wa kati wanaugombea. Na tangu 2019 sheria inazitaka timu zote mbili zisimame sita nyuma, sita kati, sita mbele wakati huo, kwa hiyo huwezi kurundika mabeki kuziba. Ukizidiwa pale kati, mpira unarudi golini kwako katika sekunde chache: pointi 6. Unarudi tena katikati. Pointi 6 nyingine. Ukiangalia saa, dakika nane zimepita na mechi imekwisha. Ndiyo maana nasema tatizo letu haliko kwa mabeki. Beki anayeletewa moto kila dakika hawezi kuuzima peke yake.

Na hapo lazima nimtaje beki wetu Aliir Aliir, maana wengi humu mnamfuata kuliko mnavyoifuata timu. Alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1994. Wapo humu waliopanga foleni ya mahindi na mafuta Kakuma miaka hiyohiyo, na waliopitia Nyarugusu na Nakivale wanajua habari ni moja. Akafika Australia mtoto, Brisbane kisha Perth, akaanza ligi kuu na Sydney mwaka 2016, akaja kwetu kwa msimu wa 2021, na mwaka huohuo akachaguliwa katika kikosi bora cha nchi nzima. Mtazameni vizuri mkienda uwanjani, msiutazame mpira. Mtu wake yuko kulia, yeye anamwacha hatua mbili, tatu, macho yako kwa anayepiga. Mpira ukiwa angani ndipo anaondoka. Hatua nne ndefu, goti linapanda, mikono inanyooka juu ya vichwa vya watu watatu, na mpira unatulia kiganjani. Uwanja mzima unavuta pumzi kwa pamoja. Lakini kazi hiyo inahitaji mpigaji aliyebanwa, anayepiga bila kuangalia. Wa kati wetu wakizidiwa, mpinzani anainua kichwa, anachagua, anamkwepa Aliir kwa makusudi. Septemba 2026 atatimiza miaka 32. Hatuna misimu mingi ya kumpotezea.

Kwa hiyo, swali la kama Rozee abaki beki au arudi kati, ambalo liliwafanya watu wawili humu wasisalimiane kwa wiki mbili (wamepatana, namshukuru Mungu), jibu langu ni arudi kati. Huko ndiko ukuta unakopasukia.

Carr namwamini. Alikuwa kwenye kikosi chetu cha ubingwa wa 2004, ubingwa pekee tulioupata tangu tuingie ligi ya taifa mwaka 1997. Aliifundisha North Adelaide ikachukua ubingwa wa ligi ya jimbo 2018. Alipokuwa mchezaji alijulikana kwa kuziba njia ya mtu, kumng'ang'ania mpaka akose raha. Kama atawafundisha hivyo vijana wetu, tutafungwa mechi, lakini hatutafurika.

Naomba kamati mpya itakayochaguliwa leo ifanye mambo machache. Mechi zote mbili za watani twende pamoja, tukae upande mmoja, na hakuna kuondoka kabla ya filimbi. Mwanachama akimzomea mchezaji wetu kwa jina, aambiwe na aliye karibu naye, kwa heshima. Na suala la Butters tuliache mikononi mwake; ni kijana anayefikiria maisha yake, wengi wetu tuliwahi kuhama kutafuta kilicho bora na tusingependa kuitwa wasaliti.

La mwisho, katibu ana daftari la kijani pale mezani. Kabla hamjaenda kula, kila mmoja aandike utabiri wake na aweke sahihi, tutausoma mkutano wa mwakani. Andikeni nafasi kwenye msimamo mkipenda. Wangu nimeshauandika, mstari wa kwanza kabisa: ushindi 11, na hakuna timu itakayotufunga kwa tofauti ya pointi 60.

Mwenyekiti wenu,
Adelaide, Desemba 2025