Røros ni mji wa shaba kabla ya kuwa mji wa theluji

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa safari kuhusu Røros, mji mdogo wa milimani nchini Norwei, na ninaishukuru kwa kuwaonyesha wasomaji picha safi za nyumba zake za mbao na za farasi wanaovuta sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza juu ya theluji. Hata hivyo, mji wenyewe umeachwa nje ya makala. Aliyeisoma mpaka mwisho ataamini kwamba watu walipanda huko juu kwa kuipenda baridi, wakajenga nyumba za kupendeza, kisha wakazitunza kwa karne tatu ili wageni wapate cha kupiga picha. Shaba imetajwa mara moja tu, tena katika maelezo ya picha. Ninaishi Trondheim, na nimefundisha jiografia muda mrefu kiasi cha kushindwa kulinyamazia jambo hili.

Røros iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, si mbali na mpaka wa Uswidi. Bahari iko mbali, hewa ni kavu, na katika usiku mtulivu wa majira ya baridi hewa nzito huteremka kutoka vilimani na kutuama bondeni. Ndiyo maana Januari 1914 kipimajoto kilishuka huko hadi nyuzi 50.4 chini ya sifuri. Kilimo cha nafaka katika nchi ya namna hiyo ni bahati nasibu, na hakuna mkulima ambaye angepachagua mahali pale kuanzisha mji. Aliyepachagua ni mto. Hyttelva, unaopita katikati ya Røros ukielekea kuungana na maji ya Glomma, ni mto mdogo lakini una maporomoko, na maporomoko hayo yaliweza kuzungusha magurudumu ya kuendeshea mivukuto ya matanuru.

Shaba yenyewe iligunduliwa mwaka 1644. Wenyeji husimulia kwamba mwindaji Hans Olsen Aasen alimpiga risasi kulungu wa nchi za baridi, na mnyama yule, katika kutapatapa kwake, akafukua kwa kwato jiwe linalong'aa. Simulizi hiyo siipingi. Karibu kila mgodi duniani una mnyama wake. Miaka miwili baadaye tanuru lilikuwa tayari kando ya Hyttelva, na Oktoba 1646 Mfalme Christian IV, aliyezitawala Denmark na Norwei kwa pamoja akiwa Copenhagen, akaipa kampuni ya shaba hati ya upendeleo ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha Røros.

Naomba wasomaji waitazame hati hiyo kama mwanafunzi anavyoitazama ramani. Ni kana kwamba mfalme alichukua bikari, akaisimika kwenye mgodi wa Storwartz, akaipanua hadi kilomita 45 hivi, kisha akazungusha duara. Kila kilichokuwa ndani ya duara hilo, yaani madini ya ardhini, misitu na mito, kampuni ilipewa haki ya kukitumia. Wakulima waliokuwa wakiishi humo walilazimika kuikatia kampuni kuni, kuichomea mkaa na kuisafirishia mizigo kwa ujira ambao hawakuupanga wao. Wasami wa kusini, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, ambao kulungu wao walilisha katika milima hiyohiyo, nao walijikuta ndani ya mstari uliochorwa na mtu aliyekaa mbali nao. Hakuna aliyeulizwa. Msomaji akishalielewa duara hili, mambo mengi ya Røros yanayoonekana kuwa ya ajabu yanakuwa ya kawaida kabisa.

Chukua suala la misitu. Katika migodi ya wakati ule mwamba haukuvunjwa kwa nyundo pekee. Mafundi walipanga magogo ukutani, wakayatia moto, na jiwe lililopata joto kali likapasuka na kulainika, ndipo wakalichokoa. Baada ya hapo mawe yenye shaba yalichomwa ili kuondoa salfa, yakaingizwa tanuruni pamoja na mkaa, na hatua hizo zilirudiwa mpaka shaba itoke. Kila hatua ilikula miti, na moshi wa salfa uliua hata mimea iliyonusurika na shoka. Miti ya karibu ilipopungua, kampuni iligundua kwamba ni rahisi kuyapeleka mawe msituni kuliko kuuleta msitu kwenye mawe, na hivyo likajengwa tanuru jingine huko Femundshytta, kando ya ziwa Femunden, katika karne ya 18. Vilima vitupu ambavyo mwandishi wenu amevisifu kwa "uzuri wake wa asili" vimechangiwa sana na shoka na moshi huo.

Chukua tena suala la usafiri. Kwetu Afrika Mashariki, msimu mgumu wa barabara ni ule wa mvua, na ni rahisi kudhani kwamba theluji nayo hufunga njia. Røros mambo yalikuwa kinyume. Majira ya joto ardhi yake ni vinamasi na maziwa, nalo gari la kukokotwa hukwama. Baridi ikija, maziwa na vinamasi hugeuka kuwa barabara iliyonyooka, na farasi mmoja huweza kuvuta kwenye sleji mzigo ambao asingeuweza kwa magurudumu. Kwa hiyo mawe, mkaa, kuni, nafaka na shaba iliyokamilika vilisafirishwa kwa wingi katika majira ya baridi. Farasi mliowapiga picha ni wa soko la majira ya baridi la Rørosmartnan, linalofanyika Februari na lililoanza mwaka 1854, na wasafirishaji wanaoingia mjini wakati huo kutoka mabonde ya Norwei na kutoka Uswidi wanafuata desturi ya watu ambao kazi hiyo ilikuwa riziki yao. Kuwaandika kama "mapambo ya Krismasi" ni kuwapunja, tena Krismasi inakuwa imepita miezi miwili.

Makala inaiita Røros "mji wa enzi za kati". Hapo kuna kosa la tarehe. Mji haukuwapo kabla ya karne ya 17, na majeshi ya Uswidi yaliuchoma mwaka 1678 na tena 1679, ikabidi ujengwe upya. Kuta nyeusi za magogo yaliyopakwa lami ya miti huupa sura ya kale sana, lakini sura si umri. Waswidi walirudi mwaka 1718 wakauteka. Mji wa baridi, usio na bandari, haushambuliwi mara tatu kwa sababu ya mandhari. Walikuja kwa ajili ya shaba.

Nyumba zenyewe zinastahili kutazamwa kwa nyuma, si kwa mbele tu. Ukiingia kwenye lango la nyumba moja katika mtaa wa Kjerkgata unakuta ua mwembamba, na kuuzunguka kuna zizi la ng'ombe, ghala la nyasi na stoo ya kuni, vyote katikati ya mji. Ujira wa mgodini haukutosha kulisha familia, na nafaka ilitoka mbali, basi kila aliyeweza alifuga. Wanaume walikaa migodini wiki nzima na kurudi mwisho wa wiki. Waliokamua, waliokata nyasi na kuwavusha ng'ombe kwenye miezi mirefu ya baridi walikuwa hasa wanawake. Mji huo wa viwanda ulikuwa pia kijiji cha wafugaji, na mpaka kati ya hayo mawili ulipita uani kwa kila familia.

Kuhusu kanisa jeupe la mawe lililozinduliwa mwaka 1784, nitasema machache. Lina nafasi ya watu wapatao 1,600, na mnara wake haukubeba nembo ya mfalme bali zana za wachimbaji zilizopishanishwa, alama ya kampuni. Anayetaka kujua nani alikuwa mwenye mji atazame juu. Kisha apande mtaa wa Sleggveien, penye vijumba vya maskini vilivyobanana chini ya vilima vyeusi. Vilima hivyo ni mavi ya shaba, mabaki yaliyomwagwa kutoka tanuruni mwaka baada ya mwaka. Ukivikanyaga vinalia kama vigae, na nyasi hazitaki kuota juu yake. Katika picha zenu zote tisa hakuna hata moja inayovionyesha, ingawa mpiga picha alisimama juu yake, maana hakuna mahali pengine ambapo kanisa na mapaa yale huonekana kwa pembe ile.

Swali la kwa nini nyumba zilibaki halijibiwi na neno "utunzaji" peke yake. Reli ilifika mwaka 1877, lakini mwaka 1921 njia kuu kati ya Oslo na Trondheim ilihamia milima ya Dovre, na Røros ikabaki pembeni. Uyeyushaji ulikoma mwaka 1953, na kampuni ikafilisika mwaka 1977, baada ya miaka 333. Mji usio na fedha nyingi haubomoi ili kujenga maghorofa. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 2010 ikaupanua urithi huo uguse duara la mfalme, Femundshytta na ile njia ya sleji. Makala imetaja mwaka 1980 na kuuacha 2010, ambao ndio uliokiri kwamba mji hausomeki bila nchi iliyoulisha.

Ninaomba mambo mawili, Ndugu Mhariri. Kwanza, maneno "enzi za kati" yasahihishwe katika toleo lijalo. Pili, ikiwa nafasi ipo, chapisheni ramani ndogo yenye Storwartz katikati na duara la kilomita 45 kuizunguka, pamoja na picha moja ya vilima vya Sleggveien. Niko tayari kuwatumia zote mbili bila malipo.

Wako,
Mwalimu wa jiografia,
Trondheim, Norwei