Insulini ya mtoto wa miaka 6 si ya dada yake wa miaka 13

Mwezi uliopita mama mmoja alirudi kwenye maabara yetu hapa Arua na karatasi mbili mkononi, amekunja uso. Bibi wa watoto ana kisukari, kwa hiyo aliona bora awapimishe wote wawili ingawa hawaumwi chochote. Sukari ya asubuhi kabla ya kula: mvulana wa miaka 6 ana 4.8, dada yake wa miaka 13 ana 4.9. Hapo hakuna neno. Lakini kwenye mstari wa insulini mdogo ana 4, dada ana 15.

"Dokta, huyu binti ndiyo tayari ana kisukari?"

"Hapana, mama. Binti anavunja ungo tu."

Insulini hutoka kwenye kongosho, nayo ndiyo inayoifanya sukari ya damu iingie kwenye misuli. Mwili wa mtoto mdogo huiitikia upesi, kidogo tu kinatosha. Balehe ikianza, homoni ya ukuaji hupanda, na mwili unakuwa mzito kuitikia insulini. Uitikiaji hushuka kwa kama theluthi hivi. Kongosho lenye afya huongeza insulini, sukari ikabaki palepale. Katikati ya balehe ndipo hali hii huwa kali zaidi, kisha hurudi nyuma kijana akishakomaa.

Ndiyo maana tunauliza umri, na baada ya umri tunauliza mambo yanayowatia wazazi haya: hedhi imeanza? Sauti imebadilika? Wasichana hutangulia, kwa hiyo binti na mvulana wa miaka 11 wanaweza kupishana sana kwa namba na wote ni wazima. Mipaka iliyochapwa kwenye karatasi nyingi za majibu ni ya watu wazima, haijui hayo.

Na tuseme kweli ingawa ni biashara yetu: si kila mtoto anahitaji kipimo cha insulini. Ni ghali, na kisukari hutambuliwa kwa sukari yenyewe. Ukishakuwa na wasiwasi, anza na hiyo.

Jambo jingine ni kufunga. Wazazi wengine kwa bidii humnyima mtoto chakula tangu jioni. Msifanye hivyo. Ini la mtoto mdogo lina akiba ndogo ya sukari, na ubongo wake, mkubwa kwa mwili ule, huila haraka. Homoni ya glukagoni huliamuru ini litoe akiba, lakini akiba ikiisha imeisha. Ale vizuri usiku, saa nane za usingizi zinatosha, maji anywe. Wadogo tunawatoa damu kwanza, saa moja asubuhi, na chai na chapati ziwe tayari kwenye mfuko wa mama.

Tunachokiangalia zaidi ni shingo. Mtoto mnene mwenye ngozi nyeusi, nene kama mahameli nyuma ya shingo, mara nyingi amesuguliwa kwa sabuni na jiwe mpaka analia. Si uchafu, mama. Mara nyingi ni insulini iliyozidi, na huyo tunataka kumwona. Yule anayekunywa maji bila kukoma, anakojoa sana, ameanza tena kukojoa kitandani na anakonda, msisubiri asubuhi wala kufunga. Sukari yake ipimwe saa hiyohiyo, kwetu au hospitali yoyote iliyo karibu.