Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Israeli: Myahudi apimwe kwa mzani mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Eldoret, makao makuu ya kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya. Bila shaka jina hili unalifahamu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni iliyowatafutia Wayahudi nchi yao, na wenzake kwamba Wayahudi waliokuwa wakichinjwa kule Urusi wapewe makazi huku kwetu. Watu wamezoea kuuita Mpango wa Uganda, lakini ardhi iliyokusudiwa ilikuwa nyanda hizi tunazolima mahindi na ngano leo. Wajumbe walitumwa kuikagua, na mwaka 1905 Kongamano la Kizayuni likaikataa. Miaka kumi na minne baadaye, ng'ambo ya Mlima Elgon, karibu na Mbale, watu ambao hawakuahidiwa ardhi wala chochote waliingia Uyahudi kwa hiari yao. Wajukuu na vitukuu vyao ndio wanaonifanya nikuandikie.

Mimi ni Mkristo, tena mwalimu wa historia. Naitaja dini yangu mapema ili usije ukadhani nimejificha nyuma ya wengine kuwatetea watu wa imani yangu. Sikuombi uwafungulie Wakristo mlango. Ninachouliza ni jinsi ofisi yako inavyoamua nani ni Myahudi na nani si Myahudi, kwa sababu kila ninapolinganisha maamuzi hayo naona mzani unabadilishwa kulingana na mtu aliyesimama mbele yake.

Sheria ya Kurudi ya 1950 ilimpa kila Myahudi haki ya kuja kuishi Israeli. Kwa miaka 20 haikusema Myahudi ni nani. Marekebisho ya 1970 ndiyo yaliyotamka: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka na kuingia Uyahudi, mradi si muumini wa dini nyingine. Marekebisho hayohayo yaliwapa haki mtoto na mjukuu wa Myahudi pamoja na wenzi wao wa ndoa, isipokuwa mtu aliyekuwa Myahudi akabadili dini kwa hiari yake.

Masharti hayo kuhusu dini nyingine yana mizizi yake katika kesi ya mtu mmoja, na naomba nikae hapo kidogo.

Oswald Rufeisen alizaliwa Poland mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi. Vita vilipomkuta katika mji wa Mir, alijifanya si Myahudi akaajiriwa na polisi wa Kijerumani kuwa mkalimani. Akiwa ndani ya kituo chao aliwavushia silaha vijana wa geto, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi. Mwaka 1942 alipopata habari kwamba wakazi wa geto wangeuawa, aliwatonya siku yenyewe, kisha akawadanganya polisi wafuate waasi kwingine ili njia ibaki wazi. Zaidi ya watu 200 walitorokea msituni usiku huo. Yeye alisalitiwa, akakamatwa, akatoroka, akafichwa na watawa wa kike wa Kikatoliki. Humo mafichoni akasoma Agano Jipya, akabatizwa. Baada ya vita akawa mtawa wa shirika la Wakarmeli, akaitwa Bradha Daniel, na mwaka 1959 akahamia monasteri ya Stella Maris, Haifa.

Hakuomba hisani. Aliomba aandikishwe kuwa Myahudi chini ya Sheria ya Kurudi, kwa hoja kwamba dini yake ni ya Kikristo lakini taifa lake ni la Kiyahudi. Wizara unayoiongoza leo ilimkatalia. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu nayo ikamkatalia, majaji wanne kwa mmoja.

Jaji Moshe Silberg, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alikiri jambo zito. Kwa sheria ya dini yenyewe, alisema, Bradha Daniel bado ni Myahudi, maana Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inafundisha kwamba Mwisraeli hata akitenda dhambi hubaki Mwisraeli. Ila Sheria ya Kurudi ni sheria ya dola, na lugha yake ifuate maana wanayoielewa watu wa kawaida. Na mtu wa kawaida mtaani hawezi kumwita mtawa wa Kikatoliki Myahudi. Jaji Haim Cohn peke yake alipinga. Bradha Daniel alipata uraia kwa njia ya kawaida ya wageni, akaishi Haifa mpaka alipofariki mwaka 1998.

Mheshimiwa, hukumu ile inaniuma lakini naielewa. Mtu wa taifa lililofukuzwa Hispania mwaka 1492 kwa kukataa ubatizo hausikii ubatizo kama ninavyousikia mimi. Mwaka 1858 askari wa Papa waliingia nyumbani mwa familia ya Kiyahudi kule Bologna wakamchukua mtoto wa miaka sita, Edgardo Mortara, kwa sababu mtumishi wa nyumba alidai alimnyunyizia maji ya ubatizo kisirisiri alipokuwa mchanga. Wazazi hawakurudishiwa mtoto wao kamwe. Alikua akawa padri. Kwa kumbukumbu za namna hiyo, mimi wa nje sina mdomo wa kuwaambia Wayahudi wamwone aliyeingia kanisani kama kwamba amehama nyumba tu.

Kwetu mambo ni tofauti, na huenda tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari hizi. Ukienda Mumias, kwa Wawanga, utakuta ndugu wa tumbo moja, huyu Mwislamu, yule Mkatoliki, wanagawana shamba moja la baba na kuzikana bila kuulizana. Mwana wa ukoo hapotezi ukoo kwa kubadili msikiti au kanisa. Lakini sisi hatukuwahi kuwindwa dunia nzima kwa sababu ya ukoo wetu, kwa hiyo sikuletei desturi yetu iwe sheria yenu.

Nakubali, basi, kwamba kwa dola yenu damu haitoshi, na imani ina uzito. Tuendelee na mzani huo.

Myahudi wa kuzaliwa asiyeamini Mungu kabisa, asiyefunga Yom Kippur, anayekula nguruwe hadharani, akishuka uwanja wa Ben Gurion anapokelewa kwa haki yake yote. Hakuna wa kumuuliza imani yake. Mwenzake aliyezaliwa na mama Myahudi, anayeshika Sabato na Pasaka, ila anaamini Yesu ndiye Masihi, ataambiwa amejitoa. Mahakama ya Juu ililiweka wazi hilo mwaka 1989. Kisha mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ikawaruhusu waumini wa Yesu ambao Myahudi kwao ni baba, si mama. Sababu? Kwa kuwa mama zao si Wayahudi, wao hawajawahi kuwa Wayahudi. Na asiyekuwa Myahudi hawezi kushtakiwa kwamba ameritadi. Kwa hiyo waingie kama watoto wa Myahudi. Nimewaeleza jambo hili walimu wenzangu mara kadhaa, na kila mara huniomba nirudie. Watu wawili wa imani ileile: aliye karibu zaidi na Uyahudi kwa kuzaliwa anafungiwa nje, aliye mbali anaingia.

Mawakili wako wataniambia kila kifungu kina mantiki yake. Sawa. Sasa nipeleke mantiki hiyo Mbale.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda, kisha wakamvunja moyo. Alikuwa ameisoma Biblia kwa Kiganda, na kadiri alivyoisoma ndivyo alivyozidi kuambatana na vitabu vya Musa. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe. Alipoambiwa kwamba kutahiri ni kwa Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka 1922 akachapisha kitabu cha sala na maagizo kwa wafuasi wake. Alifariki mwaka 1928, na jumuiya yake, inayoitwa Abayudaya, haikufa pamoja naye.

Mimi ni Mbukusu, na Wagisu wa Mbale ni ndugu zetu wa damu, kwa hiyo najua kitu ambacho pengine hakijaandikwa katika faili zako. Kwa Wagisu, kijana huwa mwanamume kwa imbalu: anasimama hadharani katika mwaka wake, mbele ya kijiji kizima, anatahiriwa bila kupepesa jicho. Wimbo, njuga, unga usoni, heshima ya maisha yote, vyote vinatoka hapo. Mtoto wa Abayudaya hutahiriwa siku ya nane, kama Torati inavyoagiza. Mwaka wa imbalu ukifika, wenzake wa rika wanacheza barabarani naye amekaa kando. Mzazi wa Kigisu anayemchagulia mwanawe siku ya nane anajua anachomnyima. Jamii iliyolipa gharama hiyo kizazi baada ya kizazi haiwezi kuitwa jamii ya watu wanaotafuta viza.

Idi Amin alipiga marufuku ibada zao na sinagogi zikafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Waliobaki, mamia machache tu, waliomba kwa siri mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979. Katika miaka ya 1980 vijana wakaanza kuijenga jumuiya upya kule Nabugoye, karibu na Mbale. Niliwahi kuketi nao Ijumaa jioni. Zaburi ziliimbwa kwa Kiganda, gitaa na ngoma vikiandamana, kisha bila kusita wakageukia Kiebrania. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami hakushika kitabu. Sala zote alikuwa nazo kichwani. Ukikumbuka kwamba kulikuwa na miaka ambayo kuonekana na kitabu cha sala kulikuwa hatari, unaelewa kwa nini watu wa umri wake wanazihifadhi.

Mwaka 2002 walikubali kufanya lililotakiwa na Wayahudi wa nje. Mamia yao walihojiwa na jopo la marabi wa madhehebu ya Conservative, mojawapo ya matawi ya Uyahudi, wakazamishwa majini, wakapokewa rasmi, ingawa walikuwa wameshika Sabato tangu enzi za babu zao. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, kiongozi wao, alihitimu na kuwekwa wakfu kuwa rabi huko Los Angeles; mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho North, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge. Mwaka huohuo Shirika la Kiyahudi, ambalo ndilo husimamia uhamiaji wa Wayahudi kwenda Israeli, liliitambua jumuiya yao.

Lakini wizara yako haikuitambua. Mwishoni mwa 2017 kijana Mkenya wa jumuiya ya Kiyahudi yenye uhusiano nao, aliyekuwa na viza na aliyekuja kusoma Torati Jerusalem, alizuiwa uwanja wa ndege akarudishwa. Mwaka 2018 Mganda wa Abayudaya aliyeomba uraia chini ya Sheria ya Kurudi alikataliwa, shauri likafika Mahakama ya Juu.

Hapa ndipo swali langu lilipo. Mmarekani asiye na asili ya Kiyahudi hata kidogo, akiongoka Los Angeles mbele ya jopo la marabi wa madhehebu hayohayo ya Conservative, wizara yako humwandikisha. Mganda aliyeongoka mbele ya marabi wa madhehebu hayohayo aliambiwa jumuiya yake haikuwa imetambuliwa wakati ule. Bradha Daniel aliambiwa kuzaliwa hakumtoshi kwa sababu imani ni nyingine. Mtu wa Nabugoye ana imani, lakini anaulizwa jumuiya yake ni ipi na ilitambuliwa lini. Ikiwa imani ina nguvu ya kumtoa aliyezaliwa ndani, kwa nini inakosa nguvu ya kumwingiza aliyeifuata miaka mia moja?

Wapo pia Wahabeshi mnaowaita Falash Mura, ambao wazee wao wa Beta Israel, yaani Wayahudi wa Ethiopia, waliingia Ukristo tangu karne ya 19, wengine kwa njaa, wengine kwa kunyimwa ardhi, wengine kwa shinikizo la wamisionari. Ndege za Mei 1991 zilipowabeba zaidi ya watu 14,000 kutoka Addis Ababa kwa muda usiotimia siku mbili, wao waliachwa. Rabi Ovadia Yosef, ambaye hakuna anayeweza kumwita mlegevu wa dini, aliwahesabu kuwa Wayahudi. Hata hivyo wanaoruhusiwa huingia kwa sheria ya wageni, kwa idhini ya serikali kikundi kwa kikundi, na huku Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, wamebaki wazazi ambao watoto wao wamevaa sare za jeshi lenu. Sheria inasema aliyebadili dini kwa hiari. Je, mjukuu wa aliyebatizwa ili apate shamba alibadili nini, na kwa hiari ya nani?

Ninachoomba kiko ndani ya mamlaka ya ofisi yako, hakihitaji kura ya Knesset, bunge lenu. Faili za Abayudaya waliokataliwa zifunguliwe tena, zipimwe kwa kigezo kilekile anachopimwa mwongofu wa Conservative kutoka Marekani, na tarehe ya kutambuliwa kwa jumuiya isitumiwe kufuta uongofu uliofanyika kihalali. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kwa lugha anayoisoma, ili aweze kuipinga mahakamani. Familia za Gondar zenye mtoto, mzazi au ndugu aliye tayari Israeli zipewe tarehe. Na mwanafunzi mwenye viza ya kwenda kusoma Torati asishushiwe begi uwanja wa ndege na afisa anayemtazama uso kabla ya kutazama karatasi zake.

Nakala ya barua hii nitaipeleka mwenyewe Nabugoye, nikivukia Malaba, ili wajue kilichoandikwa kwa niaba yao na waseme kama nimekosea popote. Jibu lako likija, nitalipeleka pia.

Wako kwa heshima,

Mwalimu wa historia, Eldoret